Iko, Ipo au Imo? Nadharia ya Kwanta na Deni la Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Msimu wa maembe uliopita nilirejea nyumbani Mbumbuni, katika Kaunti ya Makueni, chuo kikiwa kimefungwa. Jioni moja binamu yangu aliye kidato cha tatu alinikuta nje nikisoma makala kuhusu tarakilishi za kwanta. Akaniuliza, "Kaka, kwanta ni nini?" Nilimjibu kwa Kiingereza, sentensi tatu nilizokuwa nimezikariri, nikaridhika. Aliponiomba nimweleze tena kwa Kiswahili, lugha niliyoifanya somo langu kuu chuoni, ulimi ulikwama. Susu, yaani nyanya yetu, aliyekuwa akichagua maembe kwenye beseni, alikuwa ametusikiliza muda wote. Aliuliza kwa Kikamba swali moja tu: "Mjukuu wangu, hicho kitu unachokisema kiko wapi?"

Nilicheka, nikidhani hilo ni swali la mtu asiyejua fizikia. Niliporudi chuoni na kusoma zaidi, nilitahayari. Swali la kitu kiko wapi kabla hakijapimwa ni miongoni mwa maswali yaliyowagawanya Albert Einstein na Niels Bohr tangu miaka ya 1920, na wanafalsafa wa sayansi hawajalifunga hadi leo.

Makala haya yanatetea hoja moja. Kiswahili kina uwezo wa kuieleza nadharia ya kwanta kwa usahihi, tena kina zana ambazo hatujazitumia. Hata hivyo, uwezo huo utabaki usingizini hadi sisi tunaokisomea tutakapokubali kuisoma sayansi yenyewe kabla ya kuitafutia majina.

Hebu tutazame jinsi tulivyozoea kulishughulikia suala la sayansi katika makongamano yetu. Kwa miaka mingi tumejadili iwapo kifaa kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumebishana kuhusu rununu na simu ya mkononi. Sisemi kuwa mijadala hiyo haikuwa na faida, kwani lugha isiyounda istilahi hudumaa. Lakini ni wangapi miongoni mwetu ambao, baada ya kuumaliza mjadala, wangeweza kueleza kwa Kiswahili jinsi tarakilishi inavyojumlisha mbili na tatu? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kamusi ile ni hazina. Hata hivyo, kamusi humpa msomi maneno tu. Maelezo lazima ayatunge mwenyewe, na hapo ndipo tulipolegea.

Basi tuanze kwa kulipa sehemu ya deni. Tarehe 14 Desemba 1900, mjini Berlin, Max Planck aliwaeleza wanafizikia wenzake kwamba ili hesabu za mwanga unaotoka katika vitu vyenye joto zikubaliane na vipimo, ilimbidi achukulie kuwa nishati hutolewa kwa mafungu kamili. Mtu anayelijua soko la Mbumbuni hatatatizika hapa. Muuza mahindi ana gorogoro lake. Sasa tumfikirie muuzaji mkaidi asiyekubali kupima nusu wala robo: utanunua gorogoro moja, mawili au matatu, la sivyo utarudi nyumbani mikono mitupu. Maumbile, katika kiwango cha atomu, ni muuzaji wa namna hiyo. Fungu hilo lisilogawika ndilo kwanta. Tofauti ni kwamba ukubwa wa gorogoro la mwanga hutegemea rangi yake. La mwanga wa samawati ni kubwa kuliko la mwanga mwekundu. Mafungu yenyewe ni madogo mno, ndiyo maana tunapoota jua la asubuhi tunahisi joto linalotiririka bila kukatika.

Mwaka 1905 Einstein aliendeleza wazo hilo akasema kuwa mwanga wenyewe husafiri kwa mafungu, ambayo leo huitwa fotoni. Kazi hiyo ndiyo iliyotajwa alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Paneli za sola tunazoziona juu ya mapaa ya mabati vijijini zinafanya kazi kwa msingi huo. Fotoni yenye nishati ya kutosha huifungua elektroni ndani ya silikoni, na elektroni hizo zilizofunguliwa ndizo umeme. Fotoni zisizo na nishati ya kutosha, hata zije kwa mabilioni, hazifui dafu. Aidha, transista iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ambayo ndiyo tofali la kila simu na kila tarakilishi, isingeweza kueleweka bila nadharia hii. Kijana anayechaji simu za watu sokoni kwa nguvu za jua anaishi kwa kwanta kila siku. Aliyemnyima maelezo yake ni mimi na wewe, mpenzi msomaji.

Turudi sasa kwa swali la susu. Sarufi ya Kiswahili humtaka msemaji ateue. Kitu kikiwa mahali mahususi panapodhihirika, husema kipo. Mahali pakiwa pa jumla, pasipoweza kuelekezwa kidole, husema kiko. Kikiwa ndani ya kingine, husema kimo. Kikamba nacho, kama lugha nyingi za Kibantu, kina ngeli zake tatu za mahali. Sisi wa bara tumezoea kulazimisha "iko" popote pale, na walimu wetu wametukosoa hadi wakachoka. Kumbe tofauti hiyo tunayoipuuza yaweza kutufaa katika fizikia!

Mwaka 1989, Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walirusha elektroni moja baada ya nyingine kuelekea kwenye kiwambo, kila moja ikiwa na njia mbili za kupitia. Kila elektroni iliacha nukta moja tu kiwamboni. Nukta hizo zilipoongezeka na kufikia maelfu, zilijipanga kwa milia, mithili ya ile inayotokea mawimbi mawili yanapokutana na kuingiliana. Ajabu ni kwamba elektroni zilisafiri moja moja, na bado milia hiyo haielezeki bila kuzitia njia zote mbili katika hesabu. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuyaeleza haya kwa sentensi fupi: kabla ya kupimwa, elektroni iko, inapogonga kiwambo, ipo, na ile iliyofungwa katika atomu, imo. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa hali zote hizo, kisha huongeza maelezo ya ziada. Kwetu, tofauti imo katika kiambishi.

Hata hivyo, uangalifu unahitajika hapa. Ninaposema mbuzi wa susu yuko malishoni, ninamaanisha kuwa sijui, au sijali, yuko sehemu gani hasa. Mbuzi mwenyewe ana mahali pake chini ya mgunga fulani. Je, elektroni nayo ina mahali pake, ila sisi ndio tusiojua? Einstein, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, waliandika mwaka 1935 kwamba nadharia ya kwanta haijakamilika, kwa kuwa inaacha nje mambo ambayo lazima yawepo. Kwa karibu miaka thelathini ilidhaniwa kuwa huo ni ubishi wa kifalsafa tu. Mwaka 1964 John Bell, mwanafizikia aliyezaliwa Belfast, alionyesha kuwa ubishi huo waweza kupimwa. Ikiwa chembe mbili zilizofungamana hubeba majibu yake tayari, na ikiwa hakuna athari inayosafiri upesi kuliko mwanga, basi kuna kiwango ambacho ulinganifu wa matokeo yake hauwezi kukipita. John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger walifanya majaribio kwa nyakati tofauti, na kiwango hicho kikapitwa. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022.

Kwa hiyo dhana hizo mbili haziwezi kusimama pamoja. Moja lazima iachwe, na wanafalsafa wanaendelea kubishana ni ipi. Linalotuhusu sisi ni kwamba "iko" ya elektroni haiwezi kuchukuliwa hivi hivi kuwa sawa na "yuko" ya mbuzi. Anayejua sarufi pekee asingeuona mpaka huo, na anayejua fizikia kwa Kiingereza pekee asingeuona mlango ambao Kiswahili kimetufungulia. Hapo ndipo penye msingi wa hoja yangu: istilahi haikamiliki mpaka mtumiaji aweze kusema inafaa mpaka wapi, na inaanza kupotosha wapi.

Mfano wa pili unatoka katika tarakilishi. Tarakilishi tunazozijua hutunza habari kwa biti, ambayo ni 0 au 1. Biti ya kwanta, yaani kyubiti, yaweza kuwa katika hali inayounganisha 0 na 1 kwa viwango maalumu. Napendekeza muungano huo tuuite mpandano, kwa kuwa asili yake ni mawimbi yanayopandana. Kyubiti nyingi zikifungamana, maelezo ya hali yake hukua kwa kasi ya kutisha: kyubiti 10 huhitaji namba 1,024, na kyubiti 50 huhitaji zaidi ya namba trilioni 1,000. Richard Feynman aliligeuza tatizo hilo kuwa fursa mwaka 1981 aliposema kuwa, kwa kuwa maumbile ni ya kwanta, mashine inayokusudiwa kuyaiga nayo iwe ya kwanta. Mwaka 1985 David Deutsch wa Oxford akaeleza kinadharia jinsi tarakilishi hiyo ingefanya kazi.

Magazeti mengi huandika kuwa tarakilishi ya kwanta hujaribu majibu yote kwa pamoja kisha ikachagua lililo sahihi. Huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo muhimu. Ukiipima, utapata jibu moja tu, na kama hukufanya kazi nyingine yoyote, jibu hilo litakuwa la kubahatisha kama kurusha sarafu. Ustadi wote ni kuyapanga mawimbi, kabla ya kupima, ili yale ya majibu yasiyo sahihi yafutane na yale ya jibu sahihi yaongezane. Ni matatizo ya aina chache tu yanayojulikana kukubali kupangwa hivyo. Mtu asiyelijua hili ataununua uongo wowote utakaouzwa kwa jina la kwanta, na tayari wapo wanaouza dawa na mafunzo ya utajiri kwa jina hilo.

Mojawapo ya matatizo hayo machache linatugusa mifukoni. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba tarakilishi ya kwanta iliyo kubwa vya kutosha ingeweza kuivunja namba kubwa na kupata namba tasa zilizozidishwa kuiunda, kazi ambayo tarakilishi za kawaida zingeifanya kwa muda usiofikirika. Sehemu kubwa ya usimbaji unaolinda mawasiliano katika intaneti, yakiwemo ya benki, imejengwa juu ya ugumu wa matatizo ya namna hiyo. Tusitiane hofu bure: mwaka 2001 watafiti walitumia kyubiti saba na kufaulu kuivunja namba 15 kuwa 3 mara 5, na mashine zilizopo hadi sasa hazijafikia uwezo wa kuvunja usimbaji unaotumika. Lakini mwizi aweza kuhifadhi ujumbe leo akausubiri ufunguo miaka ijayo. Ndiyo maana mnamo Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa viwango vitatu vya usimbaji vilivyobuniwa kuhimili tarakilishi za kwanta. Nchi ambayo tangu Machi 2007 imeizoea M-Pesa hadi kwa muuza sukuma wiki haiwezi kusema kuwa jambo hili ni la wazungu. Siku ya kubadilisha kufuli itakapofika, wananchi watahitaji kuelezwa kwa nini, na hawataelezwa wakaelewa kwa lugha ya mikataba ya benki.

Katika upande wa falsafa, hatuhitaji kwenda mbali kumpata aliyetutangulia. Ng'ambo ya Mto Athi, katika Kitui, ndiko alikozaliwa John Mbiti mwaka 1931. Katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, Mbiti alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, kisha akahitaji majina ya dhana mbili alizoziona. Alikuwa akiandika kwa Kiingereza, lakini maneno ya Kiingereza yalikuja na mizigo yake. Akachagua ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kwake, wakati huundwa na matukio. Lile ambalo halijatokea, na ambalo halipo katika mpangilio wa kawaida wa maumbile kama vile kuja kwa mvua, halijawa wakati halisi. Tangu hapo, wanafalsafa wa mabara yote wanaoujadili wakati wa Kiafrika huyataja maneno yetu mawili bila kuyatafsiri.

Yaweza kumvutia mtu kusema kuwa basi Mbiti, au wazee wa Ukambani aliowasikiliza, walikuwa na nadharia ya kwanta kabla ya Planck. Nampinga mtu huyo. Mbiti alizungumzia namna jamii inavyoupitia wakati, na hata katika hilo alikosolewa vikali, hasa kwa dai lake kuwa Mwafrika hana wakati ujao wa mbali. Kwame Gyekye wa Ghana ni mmoja wa waliompinga. Nadharia ya kwanta hutoa namba zinazopimwa maabarani. Kuvilazimisha viwili hivi kuwa kimoja ni kuwakosea heshima wazee na wanafizikia pia. Linalofaa kuigwa ni njia yake. Werner Heisenberg, alipotafuta namna ya kueleza hali ya elektroni kabla ya kupimwa, alirudi kwa Aristotle akaazima dhana ya kile kinachowezekana lakini hakijatimia. Mbiti naye alirudi kwa lugha za kwao. Wote wawili walikuwa wamelielewa tatizo kwanza, ndipo wakalitafutia neno. Sisi mara nyingi tumeanza na neno.

Wapo watakaouliza: kwa nini tujitaabishe, ilhali fizikia hufundishwa kwa Kiingereza tangu shuleni hadi chuo kikuu? Swali hili lina uzito, na sidai kuwa kesho tuitupe mitaala yote. Lakini nilipomjibu binamu yangu kwa sentensi za kukariri, Kiingereza kilinisaidia kuficha kutoelewa kwangu. Mtu huanza kujijua kama ameelewa pale anapolazimika kueleza bila maneno aliyopewa. Kwa maana hiyo, Kiswahili ni mtihani wa uelewa wetu, na tunapokikwepa tunaukwepa mtihani.

Wengine watasema kwanta ni anasa ya matajiri. Ni kweli kwamba aina mojawapo kuu ya mashine hizi hupozwa hadi karibu digrii 273 chini ya sifuri za Selsiasi, gharama tusiyoimudu. Lakini tangu mwaka 2016 kampuni ya IBM iliwafungulia watu wote mashine yake ya kyubiti tano kupitia intaneti. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kiliingia katika ushirikiano na kampuni hiyo, kwa nia ya kuvishirikisha vyuo vingine vya Afrika. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta, Ghana ndiyo iliyoliwasilisha azimio hilo. Na katika Kaunti yetu ya Makueni, jiji la teknolojia la Konza limekuwa likijengwa tangu mwaka 2013, nacho kituo cha taifa cha data kimo humo. Kikwazo kikubwa kilichosalia kwa mwanafunzi mwenye simu ni mtu wa kumweleza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila toleo la jarida hili libebe angalau makala moja ya sayansi iliyoandikwa na wawili, mwanafunzi wa Kiswahili na mwenzake wa fizikia, hisabati au tarakilishi, wakikosoana hadi wakubaliane. Pili, istilahi yoyote inayopendekezwa iambatane na aya moja ya maelezo, na aya hiyo isomwe kwa mtu asiye msomi kabla ya kuchapishwa. Akishindwa kuielewa, istilahi irudi kiwandani. Mpandano niliopendekeza hapo juu nao upite katika tanuri hiyo hiyo. Tatu, wengi wetu tutakuwa walimu wa sekondari. Mwalimu wa Kiswahili atakayewapa wanafunzi wake insha kuhusu paneli ya sola, badala ya ile ya "siku nitakayoikumbuka daima" pekee, atakuwa amewatendea haki.

Likizo ya Aprili nilirudi Mbumbuni na jibu. Nilimweleza susu kwamba kitu kile kiko, ila hakina mahali pamoja tunapoweza kupataja, hadi kinapopimwa ndipo huwa kipo. Alifikiri kidogo, akaniuliza kinapimwa na nani, na huyo apimaye naye ameumbwa kwa nini kama si kwa vitu hivyo hivyo. Sikucheka mara hii. Hilo nalo ni swali kubwa ambalo wanafizikia na wanafalsafa hawajaafikiana jibu lake, na sasa najua kuwa laweza kuulizwa, na kujadiliwa, kwa lugha zetu. Tulipe deni.